Mafunzo ya Bure Hayakosi Kilemba

Ilikuwa mwezi wa Rajab, jioni moja baada ya sala ya alasiri. Nilikuwa nimekaa barazani kwangu hapa Mji wa Kale, Mombasa, kikombe cha kahawa mkononi, nikamwona mpwa wangu anakuja kwa miguu. Nikashangaa, kwani saa kama hizo huwa yuko barabarani na tuktuk ya watu, anatafuta hesabu ya tajiri wake kabla ya magharibi.

“Shikamoo, Mjomba.”

“Marahaba, mwanangu. Leo vipi, chombo kimeharibika?”

“Chombo kizima, Mjomba. Nimekuja unisemee kwa mama.”

Akanionyesha simu yake. Jina lake lilikuwa limetoka katika orodha ya vijana waliokubaliwa kufunzwa kazi bila malipo. Yeye alikuwa ameomba ufundi wa friji na mashine za kupoza hewa. Mafunzo ni ya miezi sita: mitatu ya kufunzwa kwa fundi, na mitatu ya kuingizwa kazini. Karo hakuna, na kila mwezi atapewa shilingi 6,000 za nauli na chakula. Kijana huyu ana umri wa miaka 24. Alimaliza kidato cha nne, na tangu siku hiyo hajapata kazi yenye jina ila hiyo tuktuk ya kukodi.

Nikamwambia, “Basi hili si jambo la heri? Mamako amekataa nini?”

Akainamisha kichwa. “Anasema vya bure ashaviona.”

Baada ya magharibi nikaenda kwa dada yangu. Nilikwenda nikiwa na methali zangu mdomoni, kama ilivyo ada yetu sisi watu wa kalamu. Nilikuwa tayari kumwambia kwamba ajizi ni nyumba ya njaa, na kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini hakunipa nafasi. Alinyosha kidole ukutani, nami nikaona vyeti viwili vimepigiliwa kwa misumari, kimoja cha mafunzo ya biashara ya siku tano, na cha pili cha kompyuta cha wiki tatu.

“Kaka,” akaniambia, “kila mara alirudi na fulana mpya na karatasi ya rangi. Kazi iko wapi? Na sasa wamtaka aache tuktuk miezi sita. Ile tuktuk, akishatoa hesabu ya mwenyewe na petroli, hubaki na shilingi mia tano siku ikiwa njema. Ndizo tunazopikia. Hao watatupa elfu sita kwa mwezi mzima. Piga hesabu wewe uliyesoma. Bure yao yanila zaidi ya nusu ya chungu changu.”

Wasomaji wapenzi, nilinyamaza. Nilipiga hesabu ile kimoyomoyo, nikaona dada yangu hakukosea hata senti. Siku 26 za kazi kwa shilingi 500 ni shilingi 13,000. Ukitoa 6,000, mwenye kujifunza bure anapoteza 7,000 kila mwezi, na kwa miezi sita ni shilingi 42,000. Kwa mtoto wa tajiri bure ni bure kweli, kwa sababu yuko wa kumlisha. Kwa mtoto wa mjane, bure ina bei, na bei hiyo hulipwa jikoni.

Nikamwomba dada yangu anipe usiku mmoja wa kufikiri. Na usiku ule sikumfikiria mpwa wangu hasa. Nilimfikiria marehemu baba yetu.

Baba yetu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi seremala. Karakana yake ilikuwa chumba cha chini cha nyumba yetu, kikitazama uchochoro, nacho kilinukia mvule na gundi tangu alfajiri hadi jioni. Alifanya milango, vitanda, makabati na masanduku, na alikuwa akichonga nakshi kwa mwenye kuitaka na kuweza kuilipia. Sikumbuki hata siku moja kumsikia akimtoza mtu ada ya kufunzwa kazi. Wazazi walikuja na watoto wao, wakasema, “Fundi, huyu ni mwanao,” na mtoto akabaki. Huyo ndiye aliyeitwa mwanagenzi.

Mwaka wa kwanza mwanagenzi alifagia taka za mbao, akateka maji, akapika gundi na kunoa patasi juu ya kinoo. Wapita njia walidhani ni mtumishi tu. Kumbe jicho lake lilikuwa likisoma. Mwaka wa pili alipewa randa. Baada yake msumeno, kisha juba la kutobolea matundu ya ndimi za mbao, na mwisho kabisa, kama mkono umetulia, patasi za nakshi. Alikula kwetu pamoja nasi, na siku ya Ijumaa baba alimpa pesa kidogo ya sabuni. Mshahara hakuwa nao, na karo hakulipa. Malipo yake yalikuwa miaka, na miaka hiyo kwa kawaida ilikuwa mitano au sita.

Siku ya kuhitimu wazazi wake walikuja tena. Walileta kilemba, kanzu na sinia ya halua, na fedha kidogo iliyofungwa katika kitambaa, kila mtu kwa uwezo wake. Hiyo ndiyo iliyoitwa ada ya kilemba. Wengi wetu twaijua kutoka chuoni, kwani hata mwalimu wa Korani alikuwa akipewa tunu yake mtoto anapohitimu. Watu wa leo wakisikia kilemba hudhani ni rushwa. Sivyo. Rushwa hutolewa kabla ya jambo, kwa siri. Kilemba kilitolewa baada ya kazi kwisha, mbele ya watu, kuwa ni shukrani na ushahidi kwamba fundi amemaliza deni lake kwa mtoto.

Lakini jambo kubwa lilikuwa lile alilolifanya baba baada ya kupokea kilemba. Alimpa mwanagenzi wake randa, msumeno na juba, viwe mtaji wake. Kisha akatoka naye, akampeleka kwa wateja wake nyumba kwa nyumba, na kila mlango alisema maneno yale yale: “Huyu ni mkono wangu. Mpeni kazi. Akiharibu, njooni kwangu.”

Usiku ule, nikiwa nimelala macho, nilitambua kwamba maneno hayo ndiyo yaliyokuwa yanakosekana katika vile vyeti viwili vilivyo ukutani kwa dada yangu. Vyeti vilisema kwamba kijana alihudhuria. Hapakuwa na mtu aliyesimama mlangoni kwa mtu akasema: akiharibu, njooni kwangu.

Na hapa, wasomaji wangu, sina budi kusema lililo juu yangu mwenyewe. Baba alitaka mimi nishike randa. Nilikuwa nimehitimu Korani nikiwa mdogo, sauti yangu ilikuwa nzuri, nilikuwa nikiitwa kusoma kasida katika maulidi, na watu walikuwa wakinisifu. Nikaona vumbi la mbao halinifai. Nilimwambia baba kwamba mimi nitatafuta kazi ya kalamu. Hakunijibu neno. Kesho yake nafasi yangu katika karakana alipewa binamu yangu. Baba alipofariki liliachwa sanduku la zana, na katika sisi wanawe hapakuwa na hata mmoja aliyejua kuzitumia. Zote zilikwenda kwa binamu, na ilikuwa haki yake. Hadi leo mlango wangu ukivimba kwa mvua za kusi, humwita mtu aje aupige randa, nami nikasimama kando nikimtazama kama mgeni katika nyumba ya babangu.

Sisemi kalamu si kazi, kwani imenilisha. Ninalosema ni kwamba sikuichagua kalamu kwa kuipenda tu. Niliichagua pia kwa kuudharau msumeno, na dharau hiyo sikuizua mimi. Iko Pwani siku nyingi. Wako wazazi ambao mtoto wao akikaa maskani tangu asubuhi hadi usiku na nguo safi hawaoni haya, lakini akirudi nyumbani na mafuta ya gereji mikononi humwuliza, “Hukuona kazi nyingine?”

Na ajabu ni kwamba dharau hiyo twaichanganya na dini, ilhali dini imeikataa. Sote tulisoma chuoni kwamba Nabii Nuhu alijenga jahazi kwa amri ya Mola wake, huku watu wakimpitia na kumcheka. Tulisoma kwamba Nabii Daudi, aliyekuwa mfalme, alilainishiwa chuma akafunzwa kufuma nguo za vita, na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimtaja kuwa ni mtu aliyekula kwa kazi ya mkono wake. Na katika hadithi sahihi imo kwamba Nabii Zakaria alikuwa seremala. Kama ufundi wa mbao ulimfaa Zakaria, sijui mimi nilikuwa nani hata nikaukimbia.

Wazee wetu wa Mombasa walikwisha kulitambua jambo hili zamani. Mwenye kupita Tudor leo ataona majengo ya Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, pamoja na kuba zake. Vijana wengi hawajui kwamba chuo kile kilizaliwa kikiwa Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa, iliyojulikana zaidi kwa jina la MIOME. Fedha zake zilitoka kwa Aga Khan, kwa Sultani wa Unguja, kwa jamaa wa Kibohora na kwa serikali ya kikoloni ya Uingereza, na wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka wa 1951. Lengo lilikuwa kuwapa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi: umeme, mitambo, useremala na kazi za vyombo vya baharini. Waasisi wake waliona kwamba vijana wa Kiislamu walikuwa wakiachwa nyuma, na kwamba elimu ya chuoni peke yake haitawaingiza katika karakana za bandari na reli. Mwaka wa 1966 mlango ulifunguliwa kwa watu wa dini zote, kikaitwa Chuo cha Ufundi cha Mombasa. Mwaka wa 1972 kikawa Politekniki ya Mombasa, na mwaka wa 2013 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu.

Kupanda huko ni fahari yetu. Lakini chuo kikuu huingiwa na mwenye alama za kumfikisha. Mpwa wangu na maelfu ya wenzake hawakuzipata. Wao ngazi yao iko chini, na serikali na wahisani wamekuwa wakiijenga kipande kwa kipande tangu uhuru. Huduma ya Vijana kwa Taifa iliundwa mwaka wa 1964. Mwaka wa 1966 Baraza la Makanisa la Kenya lilitoa ripoti iliyouliza kijana akimaliza shule aende wapi, na kutokana na swali hilo vikazaliwa vyuo vya ufundi vya vijijini, ambavyo baadaye vilikuja kuitwa politekniki za vijana, na tangu ugatuzi wa mwaka wa 2013 viko chini ya serikali za kaunti.

Kisha ikaja mipango ya bure ya miaka ya karibuni. Mwaka wa 2010 ulianza mradi wa majaribio kwa fedha za Benki ya Dunia, katika miji ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, ambapo vijana walifunzwa kwa miezi michache kisha wakapelekwa kazini katika makampuni. Utafiti uliotolewa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba mradi ule uliwazidishia vijana nafasi ya kupata ajira. Mwaka wa 2016 ukafuata mradi mkubwa zaidi, ulioitwa KYEOP, uliotengewa dola milioni 150. Huo uliwalenga vijana wa miaka 18 hadi 29 wasiokuwa na kazi, ambao masomo yao hayakupita kidato cha nne. Na mwaka wa 2025 vijana wakawa wanaandikishwa katika ule uitwao NYOTA.

Lililonivutia katika KYEOP ni jambo moja. Vijana hawakuketishwa darasani tu. Wengi waliwekwa kwa mafundi stadi wa jua kali, katika karakana zao, na fundi akalipwa kwa ajili ya kufunza. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu. Wataalamu wamezunguka dunia nzima, wakarudi kwenye karakana ya baba yangu! Wamebadilisha jambo moja tu: zamani fundi alilipwa mwisho, kwa kilemba, baada ya mtoto kuiva. Leo hulipwa kijana angali mbichi. Katika tofauti hiyo ndimo panapoweza kuharibika.

Mtu asidhani kwamba cheti hakina maana. Kina maana kubwa, na mabaharia wanatufunza hilo. Mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia, uliotiwa sahihi mwaka wa 1978, wataka kijana anayesomea uafisa wa kuongoza meli apate si chini ya miezi 12 ya kazi baharini ndani ya mafunzo yaliyoidhinishwa, na kama hakupitia mafunzo hayo, basi miezi 36. Bila bahari hapewi hati, na bila hati hachukuliwi na meli. Wako vijana wa Pwani waliomaliza darasa wakakwama hapo, kwa kukosa meli ya kuwapokea. Na upande wa pili wako mafundi wetu wa mitaani wenye miaka 20 ya kazi na mikono ya dhahabu, ambao hawana karatasi hata moja, na kwa hivyo hawapati zabuni wala kibali cha kuingia bandarini. Hao walio na mikono bila karatasi, nawashauri waulizie mitihani ya gredi inayosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, ambayo huwapima mafundi kwa gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza. Mtu hupimwa kwa kazi anayoifanya mbele ya mtahini, si kwa shule aliyosoma.

Asubuhi nilimpigia simu dada yangu nikamwambia, “Sijasema ndiyo, sijasema la. Nitakwenda nikamwone huyo fundi kwanza.” Nikamchukua mpwa wangu tukaenda hadi kwenye karakana aliyopangiwa, bara, ng'ambo ya kisiwa. Tulimkuta mtu wa makamo amechuchumaa mbele ya friji iliyofunguliwa mgongo, mabomba ya shaba yanang'aa. Tukasalimiana, tukapewa viti.

Nikamwuliza maswali matatu. La kwanza: huyu kijana atashika zana lini? La pili: ana vijana wangapi? La tatu: miezi sita ikiisha, kutakuwa na nini?

Fundi alifuta mikono kwa kitambaa, akanitazama. Akasema, “Ami, hayo maswali watu hawayaulizi. Wazazi huniuliza pesa zatoka lini.” Kisha akajibu moja moja. Zana atashika wiki ya kwanza, lakini gesi hataigusa mpaka ajue kuipima, kwa sababu gesi nyingine zinazotiwa katika friji za siku hizi hushika moto. Vijana anachukua watatu tu. “Mimi nalipwa kwa kila kichwa,” akasema. “Mwenye tamaa atachukua kumi, awape fagio miezi mitatu, aandike kwamba wamefuzu. Mimi siwezi kuwatazama kumi.” Na la tatu akalijibu kwa kumgeukia mpwa wangu.

“Njoo hapa. Sikiliza friji hii. Wasikia nini?”

Kijana akainama, akatega sikio. “Yakoroma, kisha yanyamaza, kisha yakoroma.”

“Haya. Fundi wa ovyo akija hapa ataongeza gesi, achukue pesa, na wiki ya pili mwenyewe atarudi. Gesi hailiwi na friji. Ikipungua, pana tundu. Kwanza litafute tundu. Ukijifunza hilo peke yake kwangu, nitakupeleka kwa wenye hoteli na wenye maduka ya samaki ninaowatengenezea, na nitawaambia wewe ni wangu. Usipojifunza, cheti watakupa hao wenye mafunzo, lakini mimi sitakwenda nawe popote.”

Wallahi, nilimsikia baba yangu.

Jioni nikarudi kwa dada yangu na jibu. Nikamwambia kwamba hesabu yake ilikuwa sahihi, na mimi sikuwa na haki ya kumwambia avumilie njaa kwa methali. Nikamwahidi shilingi 7,000 kila mwezi kwa miezi sita, ndiyo tofauti ile ile aliyoipata yeye, kutoka katika kalamu yangu. Akaniuliza, “Kaka, utazipata wapi?” Nikamjibu kwamba karakana ya baba inanidai miaka arobaini, na wakati wa kulipa umefika. Akalia kidogo, akafuta macho kwa ncha ya leso. Akasema, “Basi mwambie aanze.”

Alianza mwezi wa Shaaban. Wiki ya pili alirudi na malengelenge ya kuchomelea shaba. Mwezi wa Ramadhani alikuwa akifanya kazi na funga yake, na mchana mmoja nilimkuta amelala msikitini baada ya adhuhuri, mikono myeusi hadi viwikoni baada ya kuiosha mara tatu. Mzee mmoja aliyekuwa karibu nami akaninong'oneza, “Mtoto wa nani huyu mchafu?” Nikamwambia kwa sauti, “Ni wangu.” Nadhani hilo ndilo jambo jema kuliko yote niliyoyasema mwaka huu.

Katika wale watatu walioanza pamoja, mmoja aliacha mwezi wa pili. Fedha za matumizi zilichelewa, na nyumbani kwao hapakuwa na mjomba. Nalitaja hili kwa sababu wenye kupanga mipango hii hudhani kijana aliyeacha ni mvivu. Huenda akawa mvivu. Lakini ulizeni kwanza chungu cha kwao kilipikwa nini siku ile. Na sisi wa mitaani tusingoje serikali katika hili. Katika misikiti yetu mna kamati za zaka na sadaka. Twachangia mazishi, twachangia harusi, na ni vyema. Kumshika kijana mmoja kwa shilingi elfu chache kwa mwezi mpaka amalize ufundi, si sadaka yenye kuendelea?

Nawaonya wazazi pia juu ya matapeli. Mafunzo yakitangazwa kuwa ni ya bure, na mtu akakutaka pesa ya fomu, au ya kulitia jina mbele, mkimbie. Na kabla ya mwanao kuacha kibarua chake, nendeni mkamwone yule atakayemfunza, muulize yale maswali matatu. Mkiona ni viti na ubao tu, na mwisho ni fulana na picha, basi mkae mkijua ni mafunzo ya kuhudhuria. Hayana ubaya, lakini msivunje chungu kwa ajili yake.

Sasa tuko Mfungo Pili. Miezi mitatu ya kufunzwa imekwisha, na kijana amepelekwa kazini kwa mteja wa fundi wake, mahali panapohifadhiwa samaki kwa barafu. Bado miezi mitatu, na sijui mwisho utakuwaje, kwani mwisho ni wa Mungu. Wiki iliyopita friji ya dada yangu, iliyokuwa imelala mwaka mzima ikiwa kabati la sahani, ilinguruma tena. Kijana hakuongeza gesi. Alilitafuta tundu kwanza.

Juzi nilikwenda kumpelekea dada yangu fedha za mwezi. Vile vyeti viwili bado viko ukutani. Lakini alinifungulia sanduku lake akanionyesha kitu kilichofungwa katika karatasi laini. Ni kofia ya viua, ya kazi ya mkono, mpya. Nikamwuliza ni ya nani. Akasema, “Ya yule fundi. Nimeanza kuilipa kidogo kidogo tangu Ramadhani. Siku akimtoa mwanangu, sitakwenda kwake mikono mitupu.”

Hakuna aliyemkumbusha ada hiyo. Nami njiani kurudi nyumbani nilipata beti hili moja, nalimtungia mpwa wangu:

Mwana shika chombo chako, usingoje kuletewa,
Riziki ni jasho lako, si cheti kupigiliwa,
Na kilemba fundi wako, ni haki yake kupewa,
Kesho mwana wa mwenzako, mfunze akaelewa.